Mguu wa Ng'ombe Kwenye Kaburi la Babu

Mimi nimewahi kumzika ng'ombe. Padri alikuwepo, kwaya iliimba, na watu wa kwetu walilia machozi ya kweli.

Si ng'ombe mzima. Ni vipande vya mguu wake, ndani ya sanduku dogo la mbao lililopakwa vanishi likang'aa.

Na nilijua. Nilisimama mbele kabisa nimevaa nyeusi, nikijua ni ng'ombe, na nikaimba mpaka ubeti wa mwisho.

Nimesoma visa vyenu humu mtandaoni miaka mingi nikipita kimyakimya. Leo acheni nami nitapike changu. Mkimaliza mnitukane, ruhusa mnayo.

Naitwa Kawira. Nina chumba kimoja Majengo, Meru mjini, katikati ya bucha mbili, na kazi yangu ni kujazia watu fomu. Umepoteza kitambulisho, unatafuta cheti cha kuzaliwa, unataka pasi, unakuja kwangu. Wazee wasiojua kusoma huniletea vidole gumba vyao na mimi huwawekea wino.

Mamangu anaitwa Ciakuthii. Alizaliwa mwaka wa 1943. Hata hajaanza kutambaa, babake akapelekwa vitani.

Huyo babake, babu yangu Bundi, alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Walipandishwa meli Mombasa waende Burma wakapigane na Mjapani. Hawakufika. Nyambizi, hiyo meli inayotembea chini ya maji, iliwapiga mwaka wa 1944 wakiwa katikati ya bahari, na meli yao ikazama na watu ndani.

Saa hiyo hiyo manowari za Mwingereza zikaipiga ile nyambizi. Nayo ikazama na watu wake. Zikalala chini huko pamoja, muuaji na aliyeuawa.

Cucu Karwirwa, yaani nyanya yangu, mkewe Bundi, aliletewa barua moja. Basi. Hakuolewa tena. Alipofariki mwaka wa 1981 alituachia neno moja tu, kwamba upande wake wa kushoto usizikwe mtu mwingine. Hapo ni pa mumewe.

Miaka thelathini na mitano nafasi hiyo ilikaa wazi. Mama alikuwa akiipalilia kama mtu anayetandikia mgeni kitanda.

Mnafaa kuelewa hili. Sisi watu wa huku mlimani, mtu asipolala kwenye shamba lake tunaona hajazikwa. Amepotea tu. Mtu wa pwani anaweza kukuambia bahari ni kaburi ukamwelewa, lakini ukimwambia hivyo mtu wa Meru atakuuliza, sasa maua tunaweka wapi?

Na moyo wa mama ulikuwa umeanza kuchoka. Daktari alisema hivyo, umechoka. Kila tukitoka kliniki aliniuliza swali lile lile.

"Kawira, nikifika huko kabla baba hajarudi, nitamwambia nini mama?"

Ndiyo maana Ndwiga alinipata rahisi hivyo.

Aliingia ofisini kwangu mwaka wa 2016, siku ya soko. Mtu wa Embu, viatu safi, faili ya plastiki kwapani, shavu moja limejaa majani ya muguka anayotafuna.

"Sista, wewe ndiye unajaza fomu Meru yote?"

"Kwani umepoteza nini?"

"Mimi sijapoteza kitu. Nimekupatia babu yako."

Nilidhani ni mlevi. Akatoa tableti akaiweka juu ya karatasi zangu. Maji meusi, samaki wanapita, kisha chuma kirefu kimeota vitu kama uyoga. Halafu akanionyesha orodha ya majina. Namba kumi na moja: Bundi, Meru.

Nikaligusa jina hilo kwa kidole.

"Kampuni yetu inawatoa," akasema. "Tunawaleta home. Kila familia inapata sanduku lake."

"Mtajuaje huyu ni wa nani?"

"Kila soldier alikuwa na kibati kwa shingo. Kina namba."

"Na gharama?"

"Ni bure, sista. Kuna wafadhili huko majuu. Tunachotaka ni ridhaa tu. Familia iseme, fungueni meli mtutolee mtu wetu."

Mameneja wa kampuni hiyo sikuwahi kuwaona. Nilimwona Ndwiga tu, na nyumba yake ya kukodi mtaa wa Dallas, Embu, iliyokuwa na ramani ya bahari ukutani. Ramani! Mtu akiwa na ramani ukutani mimi huyo, nimeamini kila kitu.

Familia zilikuwa ishirini na tatu. Kumi na nne za Meru, tisa za Embu. Ndwiga alihitaji mtu anayeaminika vijijini, anayejua Kimeru na anayejua fomu.

Na mjue hakuninunua. Afadhali angeninunua, leo ningekuwa na kitu cha kusingizia. Nilifanya kazi hiyo bure, kwa moyo mweupe, nikipanda milima na kushuka na wino wangu mkobani.

Watu walitia sahihi mbio. Mzee Kaberia, ambaye kakake yuko kwenye orodha, alilia mpaka akalowesha fomu, ikabidi nitoe nyingine. Mwingine aliniuliza kama sanduku dogo linachimbiwa shimo la kawaida ama fupi. Kila boma nilikoingia nilichinjiwa kuku. Nilijiona malaika, kusema kweli. Malaika mwenye stempu.

Nilifikia familia ishirini na mbili bila tatizo.

Ya ishirini na tatu ilikuwa Kibugu, kule juu kwenye majani chai karibu na msitu. Cucu Wambeti, miaka themanini na nne, mtu mfupi mwenye mikono migumu. Aliyekuwa kwenye orodha ni kakake mkubwa, Kivuti. Hakukuwa na mwingine wa kumtilia sahihi.

Alinikaribisha vizuri. Akanimiminia chai ya maziwa, kikombe kikubwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kivuti alishazikwa."

"Alizikwa wapi, cucu?"

"Hapo nyuma. Baba alikata mgomba, tukaufunga na shuka yake, tukauzika. Tukanyoa nywele. Mimi nilikuwa kasichana."

"Lakini huo ni mgomba, cucu. Sio mtu."

"Mtu ako kwa maji. Maji si yamemfunika?"

"Yamemfunika, lakini—"

"Mtu akifunikwa, anafunuliwa? Nyinyi mlisoma shule gani hiyo ya kufunua watu?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia kuhusu mama, kuhusu nafasi kando ya Cucu Karwirwa, kuhusu moyo uliochoka. Aliguswa, niliona.

"Basi mama yako atoe wake. Wangu aache."

"Cucu, sasa meli itafunguliwaje bila kumgusa wako?"

"Si umejijibu."

Akanirudishia fomu. Akaniongezea chai.

Niliteremka Kibugu nikimtukana moyoni. Mzee mshamba, nikasema. Anataka nduguye aliwe na samaki kwa sababu ya mgomba.

Wiki iliyofuata mwanamke mmoja akaingia ofisini kwangu. Mzee, mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani. Mjapani. Akanisalimu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Hujambo, binti yangu. Mimi ni Mwalimu Setsuko. Nilifundisha hesabu Embu miaka ya sabini."

Nikampa kiti. Nilidhani anatafuta wanafunzi wake wa zamani.

"Nimesikia wewe ndiye unayekusanya sahihi za wale waliokufa melini."

"Ndiyo."

"Nimekuja kukuomba usizikusanye."

Akanieleza polepole, kama yuko mbele ya ubao. Kwamba kwao kuna chama cha familia za waliokufa kwenye nyambizi. Kwamba mahali pengi duniani watu wasio na haya wamekuwa wakienda na meli za kreni, wakivunja meli za vita zilizozama, wakiuza shaba na chuma. Kwamba zile mbili, meli yetu na nyambizi yao, zimelalia mwamba mmoja, na huwezi kukata moja usivuruge nyingine.

"Hao wa kwenu nao hawataki mifupa," akasema. "Wanataka propela. Chombo kikizama na watu, mama, chombo hicho ndicho kaburi lao. Tunaomba pawekwe alama, paachwe, mtu asiguse."

"Wewe umetumwa na nani hasa?"

"Baba yangu yumo ndani ya nyambizi. Sikuwahi kumwona. Nilikuwa tumboni."

Hapo ndipo nilipaswa kutulia. Mama yangu naye hakuwahi kumkumbuka babake. Wanawake wawili, umri mmoja, baba zao wamelala hatua chache chini ya maji mamoja. Mtu mwenye akili angeliona hilo.

Mimi nikasimama.

"Baba yako ndiye alimuua babu yangu. Na wewe unakuja hapa kunifundisha heshima ya wafu?"

"Ndiyo," akasema. Hakuinamisha uso. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ningeweza kutuma barua."

"Toka."

"Kuna karatasi hii. Naomba uisome tu. Nimeiandika kwa Kiswahili, na namba yangu ipo."

"Nimesema toka, mama."

Akaiacha mezani, akainama kidogo kama wanavyofanya wao, akaenda. Jirani yangu wa bucha aliuliza mzungu huyo alitaka nini. Nikamwambia ana wazimu.

Karatasi sikuisoma.

Siku ya tatu yake mama akalazwa. Alikuwa amevimba miguu, anapumua kama amepanda mlima. Niko kwenye benchi la hospitali, Ndwiga akapiga simu.

"Sista, imebaki ile moja tu ya Kibugu."

"Amekataa."

"Maze, ofisi ya kibali cha kufungua meli inataka list ikiwa complete. Bila hivyo tunangoja mwaka kesho, bahari ikitulia tena."

"Mwaka kesho?"

"Na nasikia mathe wako hayuko poa. Wewe angalia tu vile utafanya."

Nikarudi Majengo. Nikafunga mlango nusu. Nikatoa fomu ya Cucu Wambeti, nikafungua kibweta cha wino.

Nikaweka kidole changu gumba mahali pa kidole chake.

Ndiyo hivyo. Sikutetemeka, sikusikia sauti yoyote. Nilijiambia ninamsaidia hata yeye, siku moja atanishukuru. Kidole kilikuwa na wino, nikatafuta kitu cha kupangusia. Karibu na mkono wangu kulikuwa na karatasi ya yule mwalimu. Nikajipangusia hapo, nikaitupa kwenye droo.

Miezi mitano baadaye masanduku yakaja.

Ndwiga alikodi hema uwanjani Embu. Masanduku ishirini na tatu yalipangwa kwa mstari, kila moja na jina. Hotuba zikatolewa. Ndwiga alivaa suti nyeusi, akashika leso, akajipangusa jicho moja. Jicho moja tu, jamani, nikikumbuka nataka kutema mate.

Cucu Wambeti hakuja. La Kivuti lilibaki peke yake mezani, na Ndwiga akasema atalipeleka mwenyewe.

Kila familia ilipewa barua: sanduku lisifunguliwe, lina dawa.

Nikaleta letu nyumbani. Kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa kando ya Cucu Karwirwa, kuta zimenyooshwa vizuri. Kijiji kizima kilikuwepo. Padri alikuwa amevaa mavazi ya ibada tayari. Mama akainuka kwenye kiti chake.

"Nifungulieni."

"Mama, wamesema kuna dawa."

"Mimi siukumbuki uso wa baba. Mnataka nimfukie kabla sijamwona tena?"

Nani angembishia? Binamu yangu Salesio akaleta bisibisi. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa mifupa minne, imepakwa kitu kama tope lililokauka.

Mama akauchukua ule mrefu. Akaulaza mapajani, akaupangusa na leso yake taratibu, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Baba," akasema. "Kumbe ulikuwa mtu wa nguvu hivi."

Watu wakaanza kulia. Mimi nikainama nimshike bega, na hapo ndipo nikaona mwisho wa mfupa.

Ulikuwa umekatwa. Haukuvunjika, ulikatwa, umenyooka, laini, na vile vistari vidogo vinavyoachwa na msumeno wa umeme. Katikati tundu pana la uboho. Miaka kumi na mmoja nimekaa kati ya bucha mbili. Naisikia mashine hiyo tangu asubuhi mpaka jioni. Mfupa wa supu naujua hata ukipakwa tope.

Wanajeshi wa mwaka wa 1944 hawakukatwa na msumeno wa bucha.

Nikaitazama ile mingine mitatu. Mmoja ulikuwa bado na alama ya kisu kwenye kiungo.

Mama akaubusu.

Jamani. Mamangu akaubusu mguu wa ng'ombe mbele ya macho yangu, na mimi nikanyamaza.

Padri akanigeukia. "Tuendelee?"

Kijiji kizima kinanitazama. Mama ana uso ambao sijauona tangu nizaliwe, umetulia, umekuwa kama wa msichana. Nikisema, anaanguka hapo hapo. Nikinyamaza, tunamwombea ng'ombe.

"Tuendelee, Father."

Kwaya ikaanza. Mengine mnayajua.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Embu, mtaa wa Dallas. Nyumba ya Ndwiga ilikuwa tupu. Mlinzi wa ploti alisema alihama usiku ule ule wa sherehe. Simu yake, mteja hapatikani. Kwenye ukuta kulibaki misumari minne ya ramani, na nyuma ya mlango sanduku la Kivuti, limesukumwa kama kiatu kibovu. Nilimpa mlinzi alifungue. Taya la mbuzi.

Hata hakuona haja ya kulifukia mahali.

Nikarudi ofisini nikaifungua droo. Nilikuwa natafuta namba ya simu ya Mwalimu Setsuko. Karatasi ilikuwa bado ipo, na alama za kidole changu zimepita juu ya maandishi. Kwa mara ya kwanza nikaisoma.

Yalikuwa maandishi ya mwalimu, herufi kubwa, yamenyooka.

Aliandika hivi: sisi wa nyambizi hatuulizwi, lakini familia zote zilizo kwenye orodha ya meli ni lazima zikubali. Familia moja tu ikikataa, kibali hakitolewi kabisa, wala mwaka huu wala mwaka mwingine. Tafadhali, hata mmoja wenu akatae.

Nikakaa chini. Nikaisoma tena.

Ndwiga aliniambia kukataa kwa Wambeti kunatuchelewesha. Kumbe kulikuwa kumewazuia. Yule bibi mfupi wa Kibugu alikuwa amesimama peke yake mlangoni pa kaburi la watu wote wale, wetu na wao, na alikuwa ameshinda. Hakujua hata kwamba ameshinda. Mimi ndiye niliyemwondoa mlangoni.

Nikampigia mwalimu. Nilitarajia matusi, ningeshukuru kupata matusi. Alisema tu, "Tumetuma wapiga mbizi wiki jana. Nikutumie video?"

Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Meli haiko. Nyambizi haiko. Kwenye mchanga kuna mitaro miwili mirefu kama mtu amekokota gogo. Walitumia kijiko cha kreni, mwalimu akaniambia, kinachouma na kubeba. Walichotaka walipakia. Wasichotaka walimwaga kando.

Hicho kilichomwagwa ndicho kilichoonyeshwa muda mrefu kwenye video.

Soli za viatu vya jeshi. Vijiko. Kitu kama miwani. Na mifupa, mifupa ya kweli sasa, mingi, yetu na ya Wajapani, imevunjwavunjwa ikalundikwa pamoja kama maganda ya ndizi baada ya soko kufungwa. Watu waliolala miaka sabini na mbili bila kumsumbua mtu.

Nikatapika kwenye karai la kunawia. Nikatapika tena. Hadi leo nikipita mbele ya bucha asubuhi mashine ikianza kulia, nazunguka upande ule mwingine wa barabara.

Nilikata shauri kwenda polisi na kusema kila kitu, pamoja na kidole changu. Lakini baada ya polisi kila familia ingejua. Kuna watu wawili ambao hawakustahili kusikia kwa wengine.

Nikaenda Kibugu kwanza. Cucu Wambeti alikuwa akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye mstari wa michai. Alisikiliza bila kuacha kuchuma.

Nilipofika mahali pa kidole, mikono yake ikasimama.

"Uliweka chako, ukasema ni changu?"

"Ndiyo, cucu."

"Na wakamfunua Kivuti?"

"Ndiyo."

Hakulia, hakupiga kelele. Midomo yake ilikunjana kama mtu aliyeonja kitu kilichooza.

"Nilikupatia chai," akasema.

Akanipa mgongo, akaendelea kuchuma.

Nilitamani anilaani. Laana ingekuwa kitu, ningeibeba. Alinitoa tu machoni pake, kama unavyotoa uchafu.

Mama nilimwacha wa mwisho kwa sababu mimi ni mwoga. Na kwa sababu alikuwa amepona. Tangu yale mazishi alikuwa akilala vizuri, miguu imenywea, daktari anashangaa. Kila asubuhi alikwenda pale makaburini akasalimu wote wawili, mama yake kisha baba yake, akawapa habari za mvua na za ng'ombe.

Nilimkuta hapo hapo, ameketi kwenye kigoda, anang'oa nyasi kandokando ya msalaba mpya.

"Mama, huyo sio yeye."

Nikamwambia yote. Msumeno, Dallas, karatasi, kidole, video. Niliongea nikiangalia chini, na nilipomaliza nikangoja aanguke.

Hakuanguka. Akaniambia nimwite Salesio aje na jembe.

Salesio akachimba. Lile sanduku la vanishi likatoka. Mama hakuligusa tena. Alisema tu, "Liondoe kando ya mama yangu." Salesio akalibeba akaenda nalo kuelekea mtoni, na sikuwahi kumuuliza alilipeleka wapi.

Tukabaki wawili na shimo.

Mama akajipangusa midomo kwa upindo wa leso. Akajipangusa tena, kwa nguvu. Nikakumbuka lile busu na nikatamani nife.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nasema baba hana kaburi."

"Mama, nisamehe."

"Kumbe alikuwa nalo. Na wenzake walikuwa naye. Na hakuna mtu alikuwa anamsumbua."

"Mama."

"Alikuwa na bahari yote, Kawira. Sasa ndiyo hana kitu."

Akainuka akaingia ndani. Aliniacha hapo kwenye udongo.

Polisi wana taarifa yangu. Kesi yangu ya kughushi itasikizwa, na sitaki wakili wa kunitetea sana. Ndwiga bado hajapatikana. Mwalimu Setsuko na wenzake wanaomba ule mchanga uwekewe alama, na vile vyombo vingine ambavyo havijaguswa vitambuliwe kuwa makaburi kabla wezi hawajavifikia. Nimewajazia fomu zao zote. Safari hii nasoma kila mstari kabla sijamwonyesha mtu mahali pa kutia sahihi.

Someni hili mkaliweke akilini. Si kila aliyelala mbali amepotea. Wengine wamelala mahali pao, na sisi ndio hatujui njia ya kwenda kuwasalimu. Akija mtu na faili kwapani akuambie atakufungulia kaburi ili akuletee mtu wako, muulize anauza nini. Akikwambia wenzako wote wameshakubali, usiharakishe kujaza hesabu. Kataa. Hata ukiwa peke yako, hata kijiji kizima kikikuita mshamba, mmoja anatosha.